Nilihesabu Hadi Nne

Miaka kumi na tisa nilikalia kiti kile,
kushoto mwa jukwaa, nyuma ya pazia,
taa ndogo kama kisahani, kitabu magotini,
blanketi miguuni, maana Preston ina baridi isiyojua msimu
na mwenye jumba alikuwa bahili wa makaa.
Kazi yangu ilikuwa kunong'ona.
Neno likimponyoka mtu, nalidaka, namrudishia.
Hakuna aliyelipa kiingilio kunisikia mimi.

Ambrose Threlkeld alikuja na treni ya Barrow,
mtoto wa mpiga ribiti kwenye karakana ya meli,
sanduku moja, viatu vya kaka yake,
na sauti iliyokulia kushindana na nyundo.
Mwaka wa kwanza alibeba barua.
"Bwana, barua." Akainama, akatoka.
Wa pili akapewa upanga, akawa anakufa kabla ya mapumziko,
kisha anakaa nami gizani, maiti mwenye njaa,
akitafuna mkate na jibini:
Nellie, leo nimekufa vizuri?
Jana ulikufa vizuri zaidi. Leo umekohoa.

Nilijifunza kimya chake kama mkunga anavyojifunza tumbo.
Kuna kimya cha mtu mwenye neno mdomoni,
analiviringisha kama peremende, hataki liishe;
na kuna kimya cha aliyefungua kabati akakuta tupu.
Kwa nje ni pacha.
Basi nahesabu. Moja, mbili, tatu, nne.
Ndani ya nne, anajua. Mwache.
Ikigonga tano, mpe.

Usiku mmoja wa Machi, akiwa mfalme,
alisimama mbele ya mwanawe msaliti, akanyamaza.
Nne. Tano. Nikampa neno. Hakulisikia.
Sita.
Saba. Mama mmoja safu ya tatu akaanza kulia.
Nane, likatoka: "Mpelekeni."
Kesho yake gazeti la Manchester likaandika
kwamba kijana wa Barrow ametuonyesha
jinsi baba anavyopasuka bila mlio.
Akaniletea gazeti, masikio yamemwiva.
Nellie, tufanyeje?
Nikamwambia: leo sahau tena, palepale.

Gazeti likamfikisha London, London ikamfikisha kwenye kamera.
Huko hawana mtu wa pembeni. Ukisahau wanakata,
wanaunganisha vipande, anatoka mtu asiye na ufa.
Nilikwenda kumwona katika sinema ya Lancaster, ubavuni mwa soko.
Uso wake ulikuwa mkubwa kama nyumba,
na kidevuni kovu nisilowahi kuliona,
kwa kuwa mimi nilimjua kwa kisogo.
Akamwambia mkewe wa kwenye filamu,
"Sikurudi kwa sababu..."
Nikahesabu. Tano.
"Niliona haya!" nikasema, kwa sauti, bila kitabu.
Bwana wa mbele akageuka na kofia yake.
Ukutani Ambrose akamalizia: "Sikuwa na nauli."
Mpaka leo naona langu lilikuwa bora.

Alikuwa jaji, alikuwa daktari wa televisheni kila Jumapili,
alikuwa baba wa vijana waliomzidi umaarufu.
Akaoa mara mbili, akauza biskuti kwa ile sauti ya karakana.
Kila Krismasi kadi, mwandiko ukizidi kulala.
Jumba letu likawa la bingo, kisha la mazulia.
Kitabu cha mfalme ninacho,
na pale kwenye "Mpelekeni" nimechora nukta nane za penseli.

Februari iliyopita simu ililia saa tatu usiku.
Nellie, akasema, nimesimama mlangoni,
nimeshika mkanda, mvua imekatika,
nataka kumwita...
Nikasikia pumzi yake, na saa yake ya ukutani.
Moja, mbili, tatu, nne.
Nilitamani iwe peremende.
Tano.
Tansy, nikanong'ona. Anaitwa Tansy.
"Tansy!" akaguruma, kana kwamba ukumbi umejaa,
na kwa mbali nikasikia kucha
zikija mbio juu ya sakafu.